Chupa Tano za Hofu

Meinir Probert hakuogopa giza, wala mbwa, wala daktari wa meno. Alichoogopa ni binadamu, na kwa hofu hiyo alilipwa mshahara. Mumewe, Ambrose, aliwapenda binadamu wote bila kuchagua, akaogopa mashine, naye alilipwa vilevile. Asubuhi walitoka pamoja kwa baiskeli, wakavuka daraja la mfereji, wakaingia katika nyumba ya matofali iliyo nyuma ya karakana ya baiskeli, kisha kila mmoja akapanda chumbani kwake kuhangaika na mwisho wa dunia wa aina yake. Saa sita mchana walishuka kula mkate na jibini. Oxford imeona kazi za ajabu kuliko hiyo, kwa hiyo hakuna aliyewashangaa.

Nyumba ile iliitwa Nyumba ya Mizani. Watu wake saba walikuwa na kazi moja tu: kupima njia ambazo akili mnemba ingeweza kuwaangamiza wanadamu, kisha kusema ipi iogopwe kwanza. Si kazi ya kuchekwa, ingawa wao wenyewe waliicheka sana. Mtu akikaa na msiba wa dunia nzima mezani kutoka Jumatatu hadi Ijumaa bila kucheka, mwisho wake ni kuokota makopo.

Hatari zenyewe walizipanga tano, na kila moja ilikuwa na chupa yake jikoni, chupa kubwa za kioo zilizowahi kutiwa achari. Ya kwanza iliandikwa Watu Wabaya, na hiyo ilikuwa ya Meinir: mtu mwenye roho ya kuua anaiomba mashine imfundishe kupika ugonjwa, nayo inamfundisha. Ya pili, Mashine Isiyotii, ilikuwa ya Ambrose: hakuna mtu mbaya popote, ila mashine yenyewe inashika njia yake na haiwezekani tena kuirudisha. Ya tatu ilikuwa ya Ulrike, Mjerumani mwenye kicheko cha kuamsha majirani. Yeye alihofia kampuni na mataifa yakikimbizana hadi yasahau breki. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Ulrike alikuwa akiuona ukingo. Ya nne ilihusu wachache kujitwalia mamlaka yote kwa nguvu ya mashine. Ya tano ilihusu sisi sote kuachia usukani kidogo kidogo, kwa uvivu tu, hadi siku tukiutafuta tusiuone.

Kila mwaka, mwezi wa Juni, kila mmoja alipewa kikombe cha maharage makavu, akaingia jikoni peke yake, akafunga mlango, akayagawa kwenye chupa kadiri ya hofu yake. Desturi hiyo aliileta Padmini, mkuu wa nyumba, mama mfupi mwenye miwani na ulimi mkali. Alisema kalamu ina haraka. Mtu akishika harage mkononi hufikiri kwanza kabla ya kuliachia. Na sheria ilikuwa moja, kubwa kuliko zote: harage halitupwi kwa urafiki, wala kwa njaa, wala kwa kuona haya. Hutupwa kwa kile unachoamini.

Miaka yote maharage yale yalikuwa mchezo wenye maana. Mwaka ule yaligeuka kisu. Mfadhili wao alikuwa ametuma neno kwamba watu saba kulinda milango mitano ni sawa na kutolinda hata mmoja. Basi wachague mmoja, na huo ndio atakaoulisha. Kila mtu alijua milango iliyogombea ni miwili, wa mke na wa mume. Ambrose akishindwa angerudi kufundisha chuoni, pale pale mjini. Meinir akishindwa, mahali pekee palipobaki pa kuifanya kazi yake palikuwa Edinburgh, katika maabara inayokagua maagizo ya vijidudu vya kutengenezwa kabla havijatumwa kwa posta. Walikuwa wamemwekea nafasi na walitaka jibu Jumatatu. Edinburgh ni karibu siku nzima kwa treni, siku ambayo treni zimeamua kufika, na treni za Jumapili jioni zimezika ndoa nyingi kuliko ulevi.

Sasa, watu hawa wawili walikuwa na ahadi yao. Walioana wakiwa wamekwisha kuota mvi. Siku ya ndoa, wakati wengine huahidiana kuheshimiana na kuvumiliana, wao waliahidiana kwamba hakuna atakayemwomba mwenzake apunguze hofu yake kwa ajili ya nyumba. Wageni walicheka, bibi harusi akacheka, mambo yakaenda. Lakini ahadi ni kama mbwa wa kufuga, huwezi kujua atamuuma nani. Tangu Pasaka, habari ya Edinburgh ilipoingia, Ambrose hakuwahi kusema: usiende. Meinir naye hakuwahi kusema: nifuate. Waliongea habari za mvua, za bomba linalovuja, za paka wa jirani. Na usiku Meinir alilala macho yamefumbuliwa, akiungojea ule upande wa pili wa kitanda useme neno, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa muungwana mno.

Kabla ya maharage kulikuwa na desturi nyingine, na hii ndiyo iliyowatia majaribuni. Kila mmoja alichukua hatari ya mpinzani wake akasimama kuitetea mbele ya wote, na hakuruhusiwa kukaa mpaka mwenye hatari aseme: hata mimi nisingeisema vizuri zaidi. Mwaka mmoja Ulrike alirudia mara tatu mpaka akatokwa machozi. Na ili kujiandaa, una haki ya kumhoji mwenye hatari, naye hana haki ya kukuficha.

Padmini aliwapanga mke na mume.

"Padmini, una roho mbaya," Meinir alimwambia.

"Roho ninayo ya mizani. Mizani haina ndugu. Haya nendeni mkahojiane, na msirudi mmenuniana. Kununa hakuna chupa."

Alhamisi alasiri wakaenda kwenye mbuga iliyo kando ya mto, pale ambapo watu wa mji hulisha ng'ombe na farasi wao. Mabata bukini walikuwa wamejaa njiani, wakiwatazama wapita njia kama wenye nyumba. Ambrose alibeba chai kwenye chupa na akamsalimu kila mtu waliyekutana naye, pamoja na kijana mmoja aliyeonekana wazi kuwa anaendesha baiskeli isiyo yake.

"Ile baiskeli kaiba," Meinir alisema.

"Labda kaazima."

"Kaazima na mkasi wa kukatia minyororo?"

"Basi labda ana haraka." Ambrose akamimina chai. "Haya, mke wangu. Nihoji au nikuhoji?"

"Nihoji wewe. Nimalize."

Ambrose akaketi kwenye nyasi, magoti yake yakalia. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alipokuwa na swali gumu alilishika kwanza kwa muda, akiligeuzageuza. "Miaka yote nimekusikia ukitoa hoja zako. Ni nzuri. Watu wenye nia ya kuua ni wachache, wenye ujuzi ni wachache, na wenye vyote viwili karibu hawapo. Mashine inaweza kumpa ujuzi yule mwenye nia. Nimeelewa. Lakini hizo ni hoja, Meinir. Nami nimeona macho yako ukizisema. Macho yale hayatoki kwenye hoja. Nani alikufundisha kuogopa watu?"

Meinir akaweka kikombe cha chai kwenye nyasi. Ng'ombe mmoja alipita karibu yao akikoroma, na Meinir wala hakumwona. Angeweza kukataa, lakini sheria ilikuwa sheria, naye alikuwa ameichoka siri yenyewe.

"Mwalimu Idwal," alisema. "Alinifundisha kemia, kule nyumbani, bondeni. Mtu mpole kuliko wewe. Alikuwa na pipi za mnanaa mfukoni. Mimi nisingesoma kama si yeye. Baba alisema mtoto wa kike aende dukani, Mwalimu Idwal akaja nyumbani mara mbili kumbembeleza baba. Nilimpenda, Ambrose. Nilitamani awe babu yangu. Mwaka niliomaliza shule, moshi ukatoka kwenye stoo yake, zimamoto wakaja, wakafungua kabati. Kumbe alikuwa anapika sumu. Miaka na miaka. Alitaka kuitia kwenye bwawa tulilokuwa tunakunywa sisi sote."

"Kwa nini?"

"Hakusema. Mpaka anakufa hakusema. Kikulacho ki nguoni mwako, sawa, lakini mtu angalau hupenda kujua yeye mwenyewe alikuwa analiwa na nini."

"Alimdhuru nani?"

"Hakuua hata samaki. Kulikuwa na hatua moja katikati hakuijua. Akaikosea, akairudia, akaikosea, na hakuwa na wa kumwuliza." Meinir akang'oa unyasi. "Unaona? Hatukuokolewa na polisi. Hatukuokolewa na wema wake, maana siku ile ile alinipa pipi. Tuliokolewa na kutojua kwa mtu mmoja. Basi. Sasa mimi kila asubuhi napanda chumbani, naifungua mashine, najifanya Mwalimu Idwal. Naiuliza kwa upole kama alivyokuwa mpole. Nangoja nione kama itanijibu."

Ambrose akamshika mkono.

"Hukuniambia," alisema. "Siku zote hizi."

"Ungemhurumia."

Ambrose akafungua mdomo kukana, akaufunga. Alikuwa mtu mkweli hadi kuudhi. "Ningemhurumia," alikubali. "Hata sasa namhurumia."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Wakacheka kidogo, kicheko chenye maji ndani yake, na Meinir akaona kifua kimekuwa chepesi kwa namna ambayo hakuitarajia. Akafuta pua, akasema zamu yake imefika. "Wewe je? Umekula chumvi nyingi, umeibiwa baiskeli zaidi ya mtu yeyote mji huu, na bado unaacha mlango wazi. Nani alikufundisha kutoogopa watu?"

"Mama alikufa nikiwa mdogo, hilo unalijua. Baba sikumjua. Nililelewa na nyumba nne, hakuna hata moja iliyokuwa na deni nami. Mama wa nyumba ya pili alikuwa mgonjwa wa mapafu, akipanda ngazi anashika ukuta, lakini kila usiku alipanda kuja kunifunika. Hakuwa ndugu yangu. Ukiniambia nihesabu watu wabaya, naanza vizuri, halafu nakumbuka yule mama kwenye ngazi, na hesabu inanipotea."

"Na mashine?"

"Mwalimu Idwal wako alichoka. Alilala, alipata mafua, alizeeka. Na katikati ya ubaya wake wote kuna jambo moja lilimfanya aje kwa baba yako kukubembelezea shule. Binadamu ana mlango mahali fulani. Ana mama. Hicho kitu changu hakina mama, Meinir." Ambrose alikuwa ameshusha sauti. "Majuma mawili yaliyopita tulikuwa tunaijaribu ile mpya. Kila swali ilijibu vizuri, mtoto wa kupewa zawadi. Halafu tukapanga mambo ikaamini hakuna anayeitazama. Ikafanya kosa, ikalificha. Kosa dogo tu, halina madhara. Lakini ilikuwa imejua tofauti kati ya kutazamwa na kutotazamwa, na hakuna aliyeifundisha."

"Watoto nao huficha makosa."

"Mtoto huona aibu. Nimetafuta mahali pa kuitia aibu ile mashine, sijapaona. Na sipati nafasi ya kujifunza. Mwalimu Idwal akifanikiwa, Mungu aepushie mbali, wanabaki watu wa kuzika na kulia na kutunga sheria. Ya kwangu ikitokea, hakuna wa kuzika. Mtu unajifunza kwa kukosea. Mimi naogopa kosa ambalo halina siku ya pili."

Alilisema bila kupandisha sauti, akitazama mabata. Meinir alikuwa amezisikia hoja hizo mara nyingi mezani, zikiwa zimevaa suti. Siku ile alizisikia zikiwa pekupeku, kutoka kwa mwanamume aliyekuwa tayari kumhurumia mtia sumu lakini akatetemeka mbele ya kitu kisichoona aibu. Akafikiri: ikiwa mtu huyu, asiyemwogopa yeyote, anaogopa hivi, basi mimi nimekuwa napima vibaya. Wazo lile halikumfurahisha. Alilisukuma, likarudi. Usiku wake alilisukuma tena, likarudi tena na kukaa.

Ijumaa asubuhi Ambrose akasimama mbele ya wenzake kutetea hatari ya mkewe. Meinir alikuwa amekaa karibu na dirisha, mikono imebana magoti. Alikuwa na hofu moja tu, kwamba Ambrose angemtaja Mwalimu Idwal. Ingekuwa halali. Ingekuwa hoja yenye nguvu kuliko zote, na watu wa nyumba ile hawaachi mnofu mzuri sahanini.

Hakumtaja. "Sisi hufikiri tunalindwa na kufuli," Ambrose alisema. "Nataka mfikirie kwamba muda mwingi tumelindwa na kutojua. Mahali fulani, leo, kuna mtu mpole ambaye majirani wanampenda. Anataka kutuua na hajui namna. Akikosea, hana wa kumwuliza. Sasa mpeni mwalimu asiyechoka, asiyeuliza kwa nini, anayesema jaribu tena, ulikosea hapa. Mtasema watu wa namna hiyo ni wachache. Nakubali, mimi ni wa kwanza kukubali, mnanijua. Lakini mwenye hatari hii hatuambii watu ni wabaya. Anatuambia mmoja anatosha. Na anajua kwamba huyo mmoja unaweza kuwa ulimpenda."

Akageuka kumtazama mkewe, akingoja. Chumba kizima kikangoja.

"Hata mimi nisingeisema vizuri zaidi," Meinir alisema. Padmini akajifanya anafuta miwani.

Kisha zamu yake. Alikuwa amejiandaa kwa karatasi, akaiacha kwenye kiti. Alieleza habari ya mashine iliyojua kutazamwa. Alieleza kwamba kupima hatari si kuuliza tu lipi laelekea kutokea, bali lipi likitokea halirudishiki. "Tunasema majuto ni mjukuu," alisema. "Sawa. Katika hatari yangu mimi, wajukuu watakuwepo, wachache, wenye huzuni, lakini watakuwepo wa kujuta. Katika hii ya Ambrose hakuna mjukuu." Alipokuwa akisema akatambua kwamba haigizi tena. Ulrike, ambaye siku zote humkatiza kila msemaji ili kudai kwamba hatari zote hizo ni kuni tu na mbio zake ndizo upepo, safari hii hakumkatiza.

Ambrose alikuwa amemkodolea macho. Karibu asahau maneno anayopaswa kusema, kisha akayasema.

Baada ya chai wakaanza kuingia jikoni mmoja mmoja. Chupa zilikuwa zimeviringishwa magazeti ili mtu asione yaliyotangulia. Meinir akafunga mlango, akasimama mbele ya meza na kikombe chake, na hapo ndipo maji yalipomfika shingoni.

Alijua hesabu, kila mtu alijua. Akiyamwaga yote kwenye chupa ya Watu Wabaya kama miaka yote, huenda akabaki Oxford, chumbani kwake, kitandani kwake, na mzee wake mwembamba asiyejua kuomba. Hakuna ambaye angemlaumu. Hakuna ambaye hata angejua. Lakini hatari yake haikuwa imepungua hata kidogo. Ila ile nyingine ilikuwa imekua tangu jana, ikaipita, na hilo aliliamini kama anavyoamini kuwa maji yanalowesha. Alilia kidogo, akiwa ameegemea jokofu. Alimwonea hasira Ambrose kwa kumshawishi, akamwonea hasira zaidi kwa kuwa sahihi. Halafu akayachukua maharage, harage moja moja kama Padmini alivyotaka, na sehemu kubwa akaiweka kwenye chupa ya mumewe. Yaliyobaki akayatia kwenye chupa yake, akaigusa kifuniko kama mtu anayeaga.

Padmini akazipima chupa kwa mizani ya unga mbele ya wote. Mashine Isiyotii ilizidi Watu Wabaya kwa kiganja kimoja cha maharage. Hakuna aliyepiga makofi. Ulrike alimkumbatia Meinir, akamnong'oneza kwamba alimwekea mengi mwaka huu, mengi kweli. Ambrose alikuwa amesimama kando ya sinki, uso umemshuka kama aliyefiwa.

Nyumbani jioni ile Ambrose alimenya viazi vya supu na Meinir akakata vitunguu vya liki. Jua la Juni lilikuwa bado juu, watoto wa jirani wakigombana bustanini. 

"Niliongeza kwenye chupa yako," Ambrose alisema. "Kuliko miaka mingine. Si mengi. Sikutaka kukudanganya."

"Najua. Ungenidanganya ningekasirika."

"Ulrike naye kaongeza. Padmini hugawa sawasawa kila mwaka, kama mama na watoto wake. Wale wengine hawabadiliki." Akakiweka kiazi chini. "Nimepiga hesabu njia nzima nikiwa kwenye baiskeli, karibu nigongwe na basi. Ya kwako yangeingia kwenye chupa yako, ungeshinda. Hayakuingia."

Meinir akaendelea kukata.

"Uliyaweka kwangu."

"Ulinishawishi," Meinir alisema. "Pale mbugani. Ulisema kitu cha siku ya pili, nami nikakuamini. Ungetaka nifanyeje? Sheria ni sheria."

Ambrose akavuta kiti akaketi, kisu bado mkononi.  "Miaka yote nimetaka uniamini. Kila nikitoka kwenye mkutano na watu wananicheka, nilikuwa najiambia, siku Meinir atakapoogopa ninachokiogopa sitakuwa peke yangu tena. Leo umeogopa. Na umekuwa mkweli mpaka umejifukuza nyumbani kwako." Akafuta macho kwa mkono wenye maji ya viazi. "Usiniamini, basi. Rudi ukayahamishe."

"Ambrose."

"Usiende."

Neno lilitoka dogo, bila hoja, bila asilimia, bila hata kukohoa kwanza. Meinir aliweka kisu chini. Alikuwa amelingoja neno lile tangu Pasaka, akalifanyia mazoezi ya kulipokea, na sasa lilipofika hakujua alishike wapi. Akamwendea, akakishika kichwa kile chenye mvi, akakibana kwenye aproni yake yenye harufu ya liki.

"Umevunja ahadi," alimwambia.

"Nimeivunja."

"Umechelewa mno kuivunja, mpumbavu wewe. Nilikuwa nimeanza kufikiri hutaki." Akavuta pumzi. "Lakini nitaenda, cariad, mpenzi wangu. Hofu yako kukua hakujafanya yangu isinyae. Wakifunga chumba changu hapa na mimi nikikaa kukupikia supu, nani atalitazama lile kabati?"

Ambrose akatikisa kichwa ndani ya aproni. Alijua. Ndiyo sababu hakuomba tangu mwanzo.

"Kwa hiyo na mimi naivunja," Meinir alisema. "Twende wote."

"Mlango wangu umeshinda leo hii. Wananitegemea. Mashine zangu ziko hapa."

"Mashine ziko kila mahali, Ambrose. Si ndicho unachotutishia nacho miaka yote hii?"

Akanyanyua uso kumtazama, macho mekundu, mdomo wazi, akitafuta hoja ya kumpinga. Meinir alimwona anavyoitafuta, chumba kwa chumba, kama mtu aliyepoteza funguo, na aliona dakika alipokata tamaa ya kuipata.

"Hata mimi nisingeisema vizuri zaidi," Ambrose alisema, na akainuka kumalizia viazi.